Ndugu Wasigombanie Taji

Mwaka 1920, mjini Antwerp, Ubelgiji, ndugu wawili Waitalia, Nedo na Aldo Nadi, walishindana kwa panga katika michezo ya Olimpiki. Aliyewafundisha ni baba yao mwenyewe. Katika shindano la kitara la mtu mmoja mmoja, Nedo alitwaa dhahabu, Aldo fedha. Katika mashindano ya vikundi walisimama upande mmoja, wakapata pamoja dhahabu tatu.

Wazazi wapendwa, Kaini hakuvumilia nduguye kutangulizwa, akamwua. Nyumbani mwetu namo, mmoja akifaulu mtihani na mwenziwe akashindwa, wivu hubisha hodi. Basi msiwalinganishe watoto kwa kuwadharau. Aliyetangulia afundishwe asijivune, na aliyefuata asinune. Kipaji cha mmoja Mungu amekitoa kwa faida ya nyumba nzima.