Haki ya Mzazi

Liko swali ambalo aghalabu huachiwa matabibu na watunza hazina, ilhali mahali pake hasa ni mbele ya wale wanaotafakari juu ya Mungu na utu: huduma anayopewa mwanamke mwenye mimba, au aliyejifungua, au aliyedhulumiwa mwili wake, je, ni hisani ya mwenye uwezo, au ni haki aliyozaliwa nayo? Tofauti ya mambo haya mawili si ndogo. Mwenye kutoa hisani ana hiari ya kuchagua nani ampe, lini, na kwa kiasi gani. Tena aweza kumhoji mwombaji juu ya mwenendo wake kabla ya kufungua mkono. Mwenye kulipa deni hana hiari hiyo, na anayemdai hana haja ya kuinamisha kichwa. Nasema pasipo kusita kwamba serikali, makanisa, misikiti na majirani, sote tu wadeni wa wanawake hawa, na kwamba mengi ya mabaya wanayotendewa katika wodi za wazazi yatokana na dhana yetu kuwa tunawafadhili.

Katika Ntoto, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, penye misitu na milima ambapo Masisi hupakana na Walikale, swali hili lina uzito wa mauti. Mwanamke ambaye uchungu wake hauendi sawa hubebwa kwa kipoyi, mabegani mwa vijana, katika njia za miguu zinazoteleza kwa mvua, na huenda akakutana njiani na kizuizi cha watu wenye silaha wanaotoza kila apitaye. Uchunguzi uliofanywa nchini Kongo mwaka 2013 na 2014 ulikadiria vifo 846 vya uzazi katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Na aghalabu ya vifo vya namna hii huletwa na kutoka damu, na kifafa cha mimba, na homa ya uzazi, na kuchelewa, mambo ambayo dawa yake yajulikana tangu zamani. Kwa aliyebakwa muda ni mfupi zaidi, kwa kuwa dawa za kukinga virusi vya UKIMWI hazina budi kuanzwa ndani ya saa 72. Baina ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, katika vijiji 13 vya njia ya Kibua kwenda Mpofi, humo humo Walikale, watu wasiopungua 387 walibakwa na wapiganaji, wengi wao wanawake na wasichana, na wanaume na wavulana pia. Mwezi wa Novemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka, mmoja wa viongozi wa wapiganaji wale, kifungo cha maisha. Hukumu ile ilikuwa insafu, nami naipa taadhima yake; walakini ilikuja baada ya miaka 10, na hakuna hakimu awezaye kurudisha saa 72 zilizopita kijijini pasipo dawa.

Wapo wanaodai kwamba fikira za haki ya mwanamke juu ya mwili wake zimeletwa huku na wageni. Hao na wasikilize utenzi wa Mwindo, urithi wa Wanyanga wa Walikale, uliosimuliwa na Candi Rureke na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Mtemi Shemwindo awaamuru wake zake wazae mabinti tu, na kuahidi mauti akizaliwa mwana wa kiume. Mwindo azaliwapo, wakunga waliomo nyumbani huulizwa ni mtoto gani, nao hunyamaza. Siri hutoboka kwa kinywa cha nyenje. Naona katika kimya kile sheria nzima ya kazi ya ukunga: kwamba siri ya mzazi ni amana, haitolewi kwa mwenye cheo kwa sababu tu ya cheo chake. Wakunga Shifra na Pua, katika kitabu cha Kutoka, nao hawakumtii Farao, wakawahifadhi watoto wa kiume.

Waumini wa Ntoto walio wengi ni Wakristo, nami nawaomba radhi nikichukua hoja yangu iliyo kubwa kutoka Kurani. Katika sura inayoitwa kwa jina lake, Mariamu ashikwa na uchungu peke yake chini ya mtende, akatamani lau angalikufa kabla ya siku ile. Sauti yamjia ikimtuliza asihuzunike, ikimwonyesha kijito cha maji na tende mbivu. Tazama mpango wa mambo: faraja, maji na chakula vyatangulia, watu wanaomhoji mtoto ametoka wapi waja baadaye, na jibu lao halikuwa juu yake. Mungu hakumwuliza neno kabla ya kumsitiri. Basi ni kwa idhini ya nani mhudumu amwulize msichana mwenye mimba, mbele ya foleni nzima, mume wake yuko wapi?

Ipo desturi nyingine inayonitia uchungu, ambayo katika Kongo imeonekana hata katika hospitali zinazobeba majina ya watakatifu: kumzuia mzazi pamoja na kichanga chake mpaka ndugu wapate kulipa. Serikali ilianza mwezi wa Septemba 2023, kwa kuanzia Kinshasa, mpango wa kuzalisha bila malipo. Ni jambo jema sana. Lakini kituo cha kijijini ambacho wauguzi wake huishi kwa malipo ya wagonjwa, kwa kuwa mshahara wa serikali hauwafikii, hakiwezi kutii amri hiyo kwa maneno matupu. Anayetaka mzazi aachiliwe huru sharti amlipe mkunga.

Limebaki jambo linalowagawa waumini. Mkataba wa Maputo wa mwaka 2003 juu ya haki za wanawake wa Afrika, uliotangazwa katika gazeti rasmi la Kongo mwaka 2018, waruhusu katika kifungu cha 14 mimba kutolewa na tabibu pale mwanamke alipobakwa, au uhai wake ulipo hatarini. Mwuguzi ambaye imani yake yamkataza kazi hiyo ana haki ya kulinda dhamiri yake, mradi ampeleke mgonjwa kwa mwingine; hana haki ya kumficha habari, wala kumtukana, wala kumwacha avuje damu kwa sababu alikwenda kwanza kwa mganga wa vichochoroni. Na yeye achukiaye utoaji mimba kuliko watu wote ndiye apasaye kuwa wa kwanza kudai vidonge vya dharura vya kuzuia mimba viwepo Ntoto ndani ya siku 5 baada ya dhuluma, na uzazi wa majira ufundishwe kwa wake na waume pamoja, na tabibu ajuaye kupasua apatikane kabla wabeba kipoyi hawajachoka.