Kiumbe Aliyeitwa Pombe

Kijiko kimoja cha hamira unachotia katika unga wa mahamri kina viumbe hai kwa mabilioni. Hawaonekani kwa jicho tupu. Ni jamaa wa uyoga na ukungu, na maisha yao ni kula sukari. Wakiisha kula hutoa vitu viwili, hewa na kileo. Hewa huumua unga, kileo huruka motoni. Kabla ya hamira ya kopo kuenea, wako bibi zetu wa pwani walioumulia vitumbua na mkate wa kumimina kwa tembo la mnazi. Basi swali ninaloliuliza leo si geni majumbani mwetu: kiumbe ambaye maumbile yake ni kutoa kileo ana lawama gani, na sisi tuna haki gani ya kumwita kwa lile ovu ambalo watu humtumia?

Nauliza hivi kwa sababu yuko mmoja aliyepewa jina hilo hasa. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Paul Lindner, alieleza aina mpya ya chachu iliyopatikana katika pombe ya nafaka ya Afrika ya Mashariki. Hamira yetu huzaa kwa kuchipuza kitoto ubavuni. Chachu hii ilijikata kati kwa kati, ikawa mbili zilizo sawa. Akaiita Schizosaccharomyces pombe. Neno la kwanza ni la Kiyunani, na maana yake ni kuvu wa sukari anayejipasua. La pili ni Kiswahili chetu, nalo halihitaji tafsiri. Katika vitabu vya elimu ya viumbe vya dunia nzima, tangu Japani hadi Marekani, lugha yetu imo, na neno lililoingia ndilo hilo! Ningependa lingalikuwa jingine.

Lakini tazama kiumbe huyo alivyotufaa. Paul Nurse wa Uingereza alimtumia kutafuta jinsi chembe hai inavyojua wakati wake wa kugawanyika. Mwaka 1987 yeye na wenzake walionyesha kwamba kirithi kinachoongoza kazi hiyo katika chachu kina mwenzake katika mwili wa mwanadamu, na cha mwanadamu kikitiwa ndani ya chachu hufanya kazi ile ile. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell, aliyefanya uchunguzi wake kwa hamira, na Tim Hunt. Saratani ni chembe zinazogawanyika bila kusimama, na sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya jambo hilo tumefundishwa na huyu tuliyemwita pombe.

Chachu haikuzaliwa kilabuni. Makao yake ni magome ya miti, utomvu, maua na matunda yaliyopasuka. Fikiria misitu ya miombo ya Kahama, Shinyanga, na ya Bukombe upande wa Geita, ambako mizinga ya nyuki hutundikwa juu ya miti. Nyuki akiingia katika ua huchukua utamu, na chachu humfuata. Asali tunayoletewa kutoka bara, tukawapa wagonjwa, ina chachu ndani yake. Imelala tu. Maji katika asali yakiwa chini ya sehemu 17 hivi katika 100, chachu haiamki. Yakizidi 20, huamka. Na mtu akiongeza maji kwa makusudi na kuiacha siku kadhaa, hupata wanzuki, kileo kinachojulikana sana pande zile. Mti ni ule ule, asali ni ile ile, chachu ni ile ile. Yaliyoongezeka ni maji, siku, na nia ya mtu.

Wataalamu wa kuainisha chachu nao kwa muda mrefu walizipanga kwa matendo yake: hii hula sukari gani, ile hutoa kileo au haitoi. Siku hizi husoma vinasaba, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya chembe. Huchukua kipande kimoja chenye herufi 600 hivi, na zikipishana zaidi ya asilimia 1, kwa kawaida huhesabu kwamba ni aina mbili mbali mbali. Ndipo nasaba zilipodhihirika. Hamira na hiyo pombe hutoa kileo kama dada wawili, kumbe zimetengana tangu mamia ya mamilioni ya miaka. Na hamira yetu ya jikoni ina ndugu zake hasa wanaoishi porini; mwaka 2012 zilitolewa habari za wale waliokutwa katika misitu ya kale ya China, juu ya magome ya miti, mbali na unga na mapipa.

Atasema mtu kwamba maneno haya yafungua mlango wa ulevi. Hayafungui. Kileo ni haramu, kichache chake na kingi chake, na hapana mtaalamu wa kukihalalisha. Lakini sharia yenyewe imetufundisha kutenganisha. Tende zilizorowekwa asubuhi, Mtume (S.A.W.) alikunywa maji yake jioni, zilipopita siku tatu hayakunywewa tena. Mvinyo uliogeuka wenyewe kuwa siki, wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wameuhesabu kuwa tohara. Tende hazikulaaniwa, wala siki haikubebeshwa jina la mama yake.

Sasa tuje kwa watu, maana huko ndiko nilikokusudia. Kijana wa Tanga au wa Mombasa akienda Geita kutafuta riziki katika maduara ya wachimbaji wadogo, hajarudi hata mara moja, mtaani keshapewa jina. Machimboni kuna vilabu, kweli. Na wako waliopotelea huko, kweli. Lakini huyo anayemwita mlevi amemwona akinywa, au ameliona vumbi la karasha katika nguo zake? Mchimbaji mwenyewe hafanyi hivyo na jiwe. Haliiti dhahabu kwa kuwa linang'aa, wala halitupi kwa kuwa ni jeusi. Hulisaga, akaliosha kwenye mwalo, ndipo aseme. Jiwe lipewe haki hiyo, mwana wa watu anyimwe? Jina likishaganda, posa yake hurudishwa na dukani hakopeshwi. Wengine wakiona wamekwisha kuitwa, husema hasara ni ile ile, wakalitenda. Na kama anakunywa kweli, basi aambiwe yeye, tena faraghani; mdogo wake wa kike anayengoja mchumba hana sehemu katika glasi hiyo.

Imebaki chupa ya asali. Wako wasomaji ambao jamaa zao huwaletea kutoka Kahama, na masika yakiingia huona povu juu na kusikia harufu ya kuchacha. Mmoja huimwaga papo hapo, mwingine huendelea kuwapa watoto. Usifanye lolote kati ya hayo mawili kabla ya kuuliza. Mpelekee mwanachuoni wako, na umweleze asali ilivunwa lini, kifuniko kilikazwa vipi, maji yaliingia kwa unyevu wa hewa au kwa mkono wa mtu, na tangu hapo zimepita siku ngapi.