Njaa Inayofika kwa Wote Siku Moja

Tangu posho ianze kupungua, maneno yamekuwa mengi hapa kambini kuhusu nani anagawa na nani hagawi. Kwenye foleni ya maji utasikia: "Watu wa zamani walikuwa na moyo. Siku hizi mtu akipika anafunga mlango." Halafu mzee mmoja atamalizia na methali: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi ni mtu wa Rumonge, nimekulia kando ya ziwa, na methali hiyo naijua tangu utoto. Ila hapa Nyarugusu naona inawaonea watu, na ningependa kueleza kwa nini.

Hebu tukumbuke kwanza tulivyokuwa tunakula kule.

Mvuvi wa Rumonge ana kalenda yake, nayo iko angani. Ndagala, hawa ambao Watanzania wanawaita dagaa, wanavuliwa usiku wa giza. Mitumbwi inaingia ziwani na taa, zamani karabai, siku hizi taa za umeme wa jua. Samaki wanafuata mwanga, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi tena, kwa sababu ziwa lote lina nuru. Wavuvi wanabaki ufukweni wakishona nyavu, na nyumbani kwao sufuria inapungua. Nyumba ileile, ndani ya mwezi mmoja, inaonja shibe na inaonja uhaba.

Jirani yake mwenye michikichi hafuati mwezi. Yeye anangoja ngazi ziive, azichemshe, akamue mawese. Mwenye muhogo naye ana bahati yake: muhogo unakaa ardhini na kumsubiri, kwa hiyo hata kiangazi kikali hakosi unga wala sombe. Mwenye maharage ana majuma machache ya kula mabichi, baada ya hapo anaanika na kuhesabu.

Hata dini zilikuwa na misimu yake. Rumonge Waislamu ni wengi, na wanakaa ua kwa ua na Wakristo. Ramadhani, jua likizama, sahani za futari zilikuwa zinavuka ua. Krismasi zilirudi na wali. Na sahani hairudi tupu. Hata kama huna kitu, utaweka japo ndimu mbili.

Sasa angalia jambo hili. Ndagala wabichi hawangoji. Usipowauza asubuhi, uwaanike. Mvua ikinyesha siku ya kuanika, jioni wananuka. Siku kama hiyo mama yangu alikuwa anaita majirani kwa sauti, kila mtu aje na bakuli. Tulimsifu kwa ukarimu, naye akacheka: "Ghala langu ni tumbo la jirani." Alijua anachosema. Mbalamwezi ilipofika, nyumba yetu ikiwa haina kitu, mwenye michikichi alileta chupa ya mawese na wa muhogo akaleta unga. Hakuna aliyeandika deni.

Sisi tuliita hiyo moyo. Na moyo ulikuwepo, sikatai. Lakini chini ya moyo kulikuwa na jambo lingine ambalo hatukuliona kwa sababu tulikuwa tumelizoea: njaa zetu zilikuwa zinakuja kwa siku tofauti. Siku yangu ya kukosa ilikuwa siku yako ya kupata.

Kambini siku hizo tofauti zimefutwa. Wote tunapokea ndani ya siku chache zilezile, unga uleule, kunde zilezile, mafuta na chumvi vikipimwa kwa idadi ya vichwa kwenye kadi. Mwaka 2023, fedha za wafadhili zilipopungua, mgao ulishushwa hadi ukafika nusu mwezi Juni, na ulishuka kwa wote kwa pamoja. Nikikukopesha kikombe cha unga leo, utanirudishia nini juma lijalo? Wewe na mimi tunakung'uta gunia siku moja. Ndiyo maana nasema anayefunga mlango akipika, mara nyingi hafichi chakula. Anaficha uchache wake. Kumwambia mama mwenye watoto watano kwamba kutoa ni moyo, wakati sufuria yake haiwatoshi hao watano, ni kumuongezea aibu juu ya njaa.

Je, basi wajibu umekwisha? Kila mtu na chake? Hapana. Nadhani wajibu umebadilika sura tu, na inabidi tuutafute mahali ulipohamia.

Mwezi Mei 2015, watu wengi wa pwani yetu tulikusanyika Kagunga, upande wa Tanzania, tukingoja meli ya MV Liemba itupeleke Kigoma. Maelfu kwa maelfu, na kipindupindu kikatukuta pale pale. Ufukwe mzima ulikuwa na njaa kwa pamoja. Chakula cha kugawana hakikuwepo, lakini tuligawana upishi: moto mmoja kwa sufuria tatu, mmoja akichota maji, mwingine akimshika mtoto wa mwenzake. Hata hapa, kuni zinavyotutesa, mafiga ya pamoja ni sadaka.

Pia, hapa hapa kambini wapo ambao njaa yao haifuati tarehe yetu. Aliyejifungua juzi. Mgonjwa aliyetoka hospitali. Mzee anayeishi peke yake na kadi ya mtu mmoja, ambaye unga wake ukilowa mvua hana wa kumfidia. Hao ndio walio katika mbalamwezi yao. Ni wachache, na nyumba kumi zikitoa kijiko kimoja kimoja, hakuna atakayelala njaa kwa sababu ya kijiko hicho.

Na tunaweza kujitengenezea misimu. Katika mstari wetu nyumba nne tumekubaliana kupanda lengalenga kwa zamu, kila juma nyumba moja. Baada ya majuma matatu, manne hivi, mboga zinavunwa, na tangu hapo kila juma kuna nyumba yenye majani ya kuzidi. Haziongezi unga. Ila sahani zimeanza tena kutembea, na hazirudi tupu.

Kwenu mnaofanya kazi kwenye mashirika: mkiona sahani inatoka kwenye nyumba yetu, msiandike kwamba nyumba hiyo ina ziada. Na mkiona mtu amebadilisha mafuta kidogo kwa ndagala wakavu, msidhani amedharau msaada. Anatafuta siku iliyo tofauti na jana.

Kwa wazee wangu wa kwenye foleni, methali yenu siipingi. Naomba tu tuangalie tunamwambia nani. Juma hili tumwambie yule ambaye lengalenga zake zimekomaa. Juma lijalo, zikikomaa zangu, mje mniambie mimi.