Je, Aliyeletwa na Woga Ameongoka Kweli?

Mgeni afikapo misioni, neno moja hupenda kuwauliza Wakristu: "Wewe uliongoka lini, tena kwa sababu gani?" Wengine hujibu upesi. Lakini mjini Goma swali hilo laweza kumwinamisha mtu kichwa. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Mto wa moto ukashuka, ukapita katikati ya mji hata ziwa Kivu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliangamia, na watu wengi sana walikimbilia Gisenyi. Katika saa kama ile hata asiyejua sala hulitafuta jina la Mungu.

Basi tuseme mtu wa namna hiyo aenda kwa katekista kuandikwa jina. Jirani amcheka: "Huyu amemkimbilia Mungu kama mwamvuli. Mvua ikikatika ataufunga."

Wasomaji wapenzi, msifanye haraka kucheka pamoja naye. Kanisa lafundisha kwamba majuto ni ya namna mbili. Majuto kamili hutoka katika kumpenda Mungu. Majuto yasiyo kamili hutoka katika kuchukia ubaya wa dhambi au kuogopa adhabu. Nayo pia ni kipaji cha Mungu. Yule mwana mpotevu, ni nini kilichomwondosha kwa nguruwe? Njaa. Aliukumbuka mkate wa nyumbani kwanza. Wala baba yake hakumsimamisha njiani amwulize kama amerudishwa na njaa au na upendo, alimkumbatia.

Hata hivyo jirani ana haki kwa neno moja: mvua hukatika. Moto wa Nyiragongo ulipoa ukawa jiwe, na watu wakajenga nyumba juu yake. Woga nao hupoa. Kwa hiyo Kanisa halimbatizi mtu jioni ile ile ya kutishika, isipokuwa yu karibu kufa, bali humpa muda wa kujifunza na kujaribiwa.

Tazameni Mwenye Heri Isidoro Bakanja, kijana aliyewasaidia waashi huko Mbandaka. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906. Baadaye, kwenye shamba la kampuni, msimamizi Mzungu alimwamuru avue skapulari ya Bikira Maria. Alikataa, akapigwa viboko hata mgongo ukawa donda moja. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amemsamehe aliyempiga.

Au tazameni Goma penyewe. Floribert Bwana Chui alikuwa na kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Alipewa fedha ili apitishe chakula kilichooza. Akazikataa, kwa kuwa watu wangalikula sumu. Aliuawa Julai 2007, mwenye umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma, katika kanisa la Mtakatifu Paulo, yule aliyeangushwa njiani kwenda Damasko. Floribert hasimuliwi habari ya kuangushwa njiani. Husimuliwa habari ya fedha zilizorudishwa.

Na yule aliyeukimbia moto? Asijitungie habari nzuri kuliko yake ili kumpendeza mgeni. Aseme wazi kwamba aliletwa na woga. Mgeni akitaka kujua yaliyofuata, na awaulize majirani kama madeni yamelipwa, na kama vipimo vyake sokoni ni vya haki. Amwulize hasa yule aliyecheka.