Rudisha Ulichochukua Kwenye Gunia!

Mama wa hapa Biliqo, ndugu yangu, kijana mwenye gunia la sukumawiki nyuma ya nyumba, nisikilize! Udongo wako unakufa, na unajua. Umeuona ukipauka, umeuona ukishikana, umeuona ukiyakataa maji unayoumwagia. Na bado unasema kesho!

Kesho ipi? Misimu mitano mfululizo mvua zilitunyima, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Mifugo ilikufa, maziwa yakakatika, watoto wakalala njaa. Na wewe unayachezea magunia mawili ya mboga?

Kila jani ulilochuma liliondoka na chakula cha udongo. Umechuma, ukachuma, ukachuma tena. Umerudisha nini?

Usiniambie mbolea ni ghali! Imejaa zizini, samadi ya mbuzi ya miaka na miaka. Unaikanyaga asubuhi, unaikanyaga jioni, upepo unaipeperusha ukitazama. Kibera, baada ya vurugu za uchaguzi za 2007–2008, watu walipanda mboga kwenye magunia bila shamba wala zizi mlangoni. Wewe unalo zizi!

Lakini samadi usiitie guniani mbichi! Mbichi ina joto, ina chumvi, inaunguza mizizi. Irundike kivulini pamoja na majani makavu, inyunyizie maji, ifunike, igeuze kila wiki. Ikipoa, ikiwa nyeusi, ikipoteza harufu ya mkojo, imeiva. Mwaga udongo wa zamani kwenye turubai, vunja mabonge, ng'oa mizizi iliyokufa. Sehemu mbili za udongo, moja ya samadi. Basi!

Na ule ukoko mweupe juu ya gunia, unadhani ni vumbi? Ni chumvi ya maji ya kisima! Jua linachukua maji, chumvi inabaki. Toboa matundu chini, funika juu kwa nyasi kavu, na mvua ikinyesha acha maji yapenye hadi yatoke. Jivu nalo punguza, hata kama jirani analisifia: udongo wa nyanda hizi kavu una magadi ya kutosha.

Samadi huchukua kama miezi mitatu kuiva. Rundo la Julai litakuwa tayari mvua za hagaya zikianza Oktoba. La Septemba litakuwa limechelewa. Chukua karai! Shika koleo! Nenda zizini leo, kabla jua halijazama!