Ujira na Heshima ya Mtumishi wa Umma

Wako watu wasemao ya kwamba mwenye kuwatumikia watu wote, kama mwalimu, mkunga au mfagiaji wa njia, hafai kudai ujira. Yamtosha thawabu kwa Mola wake. Maneno haya kwa dhahiri yake ni mazuri, na ndani yake mna dhulma. Kwani thawabu hutoa Mwenyezi Mungu, na ujira ni deni la mwenye kutumikiwa. Wala mja hawezi kulipa deni lake kwa fadhila za Mungu.

Sayyidna Abubakar (radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake) aliposhika ukhalifa, mwaka wa 11 wa Hijra (632), yasimuliwa ya kuwa alitoka asubuhi na nguo begani kwenda kuziuza sokoni, kwani biashara ndiyo iliyokuwa kazi yake. Sayyidna Umar na Abu Ubaida wakamuuliza vipi atauza nguo na hali mambo ya Waislamu yako mikononi mwake. Naye akawauliza, basi ahali zake atawalisha nini? Hawakumwambia angoje thawabu. Walimkadiria posho ya chakula na mavazi katika mali ya Waislamu. Ikiwa mbora wa Masahaba hakuachwa na njaa, ni nani atakayemtaka mwalimu mwenye watoto ashibe kwa sifa?

Wala ujira peke yake hautoshi. Alikuwako Madina bibi mmoja mweusi, kazi yake kufagia msikiti. Alipokufa walimzika pasi na kumwarifu Mtume (s.a.w.), kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alipomkosa alimuulizia, akataka aonyeshwe kaburi lake, akamsalia.

Mawili haya yakikosekana pamoja huzaa fitina. Huko Memphis, Marekani, tarehe 1 Februari 1968, wazoa taka wawili waliojikinga na mvua ndani ya gari la taka walipondwa na mashine yake, wakafa. Wenzao kiasi cha 1,300, karibu wote watu weusi, wakaacha kazi. Walitaka nyongeza ya ujira. Lakini mbao walizochukua njiani hazikutaja fedha, zilisema tu ya kuwa mwenye kuuchukua ubao ni mwanamume. Suluhu ilipatikana tarehe 16 Aprili, baada ya Martin Luther King, aliyekwenda kuwasaidia, kuuawa mjini humo.

Basi ni wajibu wa mwenye mamlaka kukadiria ujira kwa haja ya nyumba ya mtumishi, na kuulipa kwa wakati wake. Na hazina ikiwa haba, kupunguza kuanze kwa wakubwa. Na ni wajibu wa raia kumwamkia afagiaye mlangoni pake kama amwamkiavyo kadhi.