Elfu Moja ya Kuonyeshwa Tu

Kuna daftari ambalo limeninyima raha wiki hii. Ni la kijana wa boda boda hapa Kabazi, na ndani yake hamna hesabu ya petroli wala ya abiria wa kwenda Subukia. Kuna safu za namba tu: 50, 100, 200, 400, 800. Zimepigwa mistari kwa rula, ukurasa baada ya ukurasa. "Mzee, hii si kamari," aliniambia akilifunua polepole kama mtu anayeonyesha hati ya shamba. "Hii ni mbinu."

Mbinu yenyewe ni ya mchezo wa ndege, ule wa Aviator ambao vijana wote wa steji wanaujua. Ndege inapaa, namba inapanda, na ukichelewa kutoka ndege inatoweka na hela yako. Yeye hutoka ikifika mara mbili. Akipoteza 50 anaweka 100, akipoteza tena anaweka 200, hadi ashinde. Na akishinda anarudisha zote, na 50 juu. Alidhani ameivumbua mwenyewe. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba Wafaransa waliichezea katika karne ya 18, wakaipa jina la martingale, na wakafilisika nayo.

Sasa, kampuni moja ilimwongezea bonasi ya 1,000 alipoweka 1,000 yake. Akacheza jioni kadhaa, salio likapita elfu sita. Alipotaka kutoa pesa anunue tairi la nyuma, akaambiwa faida yote imefutwa. Kosa lake? Aliwahi kuweka dau la 800, na anayechezea bonasi haruhusiwi kuvuka 500. Sharti hilo lilikuwa limeandikwa, kwa Kiingereza cha mawakili, mbali sana chini ya tangazo la Kiswahili lililomkaribisha.

Hebu lipime sharti hilo kwa daftari lake. Ukianza na 50 huku dau lisizidi 500, unaweza kuzidisha mara tatu pekee: 100, 200, 400. Ukipoteza raundi nne mfululizo, 750 zimekwenda na hatua ya tano umefungiwa. Mchezo huo hutangazwa kuwa unarudisha 97 kwa kila 100, kwa hiyo mnyororo wa kupoteza mara nne huja takriban mara 7 katika kila majaribio 100. Anayecheza jioni nzima ataukuta.

Najua atakayenijibu. Atasema mbinu hiyo ingekufa hata bila sharti lolote, kwa sababu hakuna mpango wa madau unaogeuza mchezo wa hasara kuwa wa faida. Ni kweli kabisa, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Kama mbinu hazina madhara kwa kampuni, masharti ni ya nini? Ni kwa sababu bonasi, ikiachwa huru, ndicho kitu pekee kinachoweza kumpendelea mchezaji. Mtu akipewa elfu moja bure, acheze kidogo, atoe, kampuni imepoteza. Basi huipati mpaka uizungushe, yaani uiweke tena na tena kwenye madau, kwa kawaida mara 30 au zaidi.

Elfu moja mara 30 ni 30,000. Ukipoteza 3 katika kila 100, huko kuzunguka kunakula 900. Ongeza ushuru: tangu Julai 2025 serikali ya Kenya inakata asilimia 5 ukiweka na asilimia 5 ukitoa. Uliweka 1,000, zikaingia 950. Ongeza bonasi ya 1,000, toa 900, zinabaki 1,050. Ukizitoa, mkononi unapata 997 na senti hamsini. Huo ni wastani, kwa aliyefika mwisho. Wengi huishiwa njiani. Na kuna kasino ambamo kila dau la mchezo wa karata huhesabiwa asilimia 10 tu kwenye mzunguko huo, yaani 30,000 zinageuka 300,000, na yote uyamalize ndani ya siku saba.

"Lakini ni mtu mzima, alibonyeza nakubali." Ndiyo, alibonyeza. Hata mimi nimebonyeza mengi kwenye simu nisiyoyasoma, nawe pia. Sheria ya mkataba haipotezi usingizi kwa hilo. Ila usiniambie kuwa kampuni na kijana walikuwa sawa mezani, mmoja ana wanahesabu wa mshahara na mwingine ana rula.

Wala sisemi tuifunge kamari. Tulijaribu mwaka 2019, leseni zikakatwa, kampuni kubwa zikaondoka; vijana hawakuacha, walihamia kwingine, na baadhi ya kampuni zikarejea. Mwezi wa Aprili 2025 matangazo yalisimamishwa kwa siku 30, na siku 30 huisha. Agosti mwaka huo tukapata Sheria ya Kudhibiti Kamari, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966, pamoja na mamlaka mpya ya kuisimamia. Vizuri. Waingereza, ambao kamari kwao ni biashara halali isiyoonewa aibu, wameamua kwamba kuanzia Januari 2026 bonasi haiwezi kuzungushwa zaidi ya mara 10. Kwa hesabu ya daftari letu, hasara ya 900 ingeshuka hadi 300. Sioni kwa nini mchezaji wa London alindwe na wa Kabazi aachwe.

Na hata kabla ya kufika kwenye mara 10, mamlaka hiyo ina jambo dogo la kuanzia, lisilohitaji kamati wala safari ya benchmaki Ulaya. Namba 30,000 iandikwe kwa Kiswahili kando ya 1,000, kwa herufi za ukubwa uleule, kwenye tangazo lilelile: ili utoe hii, sharti ucheze ile. Halafu tuone wangapi watabonyeza.